Gunzi Kwenye Mpira wa Kupumulia

Jumanne, 4 Machi

Gari langu linavuja oili kila upande! Juzijuzi lilikuwa linadondosha tone mojamoja tu, kutoka ule mpira mwembamba unaoning'inia chini ya injini. Baba watoto akanuna kwa ajili ya uwanja wake mpya wa saruji. Anausugua kwa sabuni kuliko anavyosugua mgongo wake. Leo kanigeukia mimi – eti nalikimbiza kama ninafukuzwa. Eti funguo apewe mdogo wake, "anayejua magari." Gari nililolinunua kwa pesa ya mikate ninayooka na kuuza! Madukani nitaipelekaje, kichwani?

Jumatano, 5 Machi

Nimelipeleka kwa fundi kimyakimya. Kijiti cha kupimia oili kimechomoka chenyewe. Fundi akaguna. Kasema injini nayo inapumua: inapowaka, hewa ya moto kidogo hupenya kando ya pistoni, ikashuka kwenye oili, na lazima ipate pa kutokea, ndio huo mpira mwembamba. Akauvuta ule mpira. Ndani – gunzi! Gunzi la mahindi, limeviringishiwa nailoni, limeshindiliwa barabara. "Dada, nani kaliziba pua?"

Hewa ilipokosa njia imezisukuma sili, zile raba zinazozuia oili isitoke, mpaka zikaachia. Kabadilisha zote. Kasema ningechelewa kidogo ningeizika injini. Gunzi nimelitia mkobani, na nailoni yake. Uwanja usichafuke, injini na ife!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemtega baba watoto. Nikauliza, hivi ule mpira uliokuwa ukidondosha, uliachaje? Akajibu huku anasugua saruji: ulipona wenyewe. Ulipona! Jamani! Hata kope haikumcheza.

Jumamosi, 8 Machi

Niko jikoni. Mama mkwe yuko sebuleni na shemeji, yule "anayejua magari"; shemeji kavaa miwani ya jua humohumo ndani. Wamefuata gari. Nimemsikia baba watoto akisema mimi mikate naiweza, lakini injini si oveni, nimeiua kwa mkono wangu. Mama mkwe akaitikia, "Ndiyo hivyo." Ndiyo hivyo! Na nani alimkimbiza hospitali kwa gari hilohilo?

Sasa baba watoto ananiita. Nilete chai, na funguo niziweke kwenye sinia.

Vikombe vinne. Sukari. Vijiko. Funguo nimezifunga kwenye pindo la kanga. Gunzi liko kwenye sinia, na nailoni yake, kando ya kikombe chake.

Maji yamechemka.