Usimtupie Bly Matumbo

Salt Lake City,
Februari 9, 1974

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umfikishie Mama, kaka Thayne na mkewe Marva, na kale kabinti kao Annika. Natumaini baridi ya huko imepungua makali na goti lako halikusumbui. Mimi ningependa kuandika kwamba sijambo, lakini safari hii nitakuwa nadanganya.

Shule iliyonipa kazi ilituagiza walimu wapya wote tukapigwe picha ya kifua, isije ikawa tuna kifua kikuu. Sina kifua kikuu. Ila kwenye pafu la kulia kuna kitu cha mviringo, kikubwa kama chungwa. Daktari Pruitt, ambaye ni mzee mtaratibu, aliniuliza kama nimekulia kwenye kondoo. Nikamwambia baba yangu ana kondoo wengi kuliko watu wote wa Alder Creek. Akauliza kuhusu mbwa. Nikacheka, nikamwuliza kondoo hao watachungwa na nani bila mbwa. Ndipo akauliza, "Na mkichinja nyumbani, mapafu na maini yenye malengelenge mnayapeleka wapi?"

Nikamwambia tunawatupia mbwa, kama watu wote. Baba, yule mzee aliweka kalamu chini.

Anasema ni tegu. Siyo yale marefu tunayoyajua, bali ni kadogo, kafupi kuliko punje ya mchele. Kanakaa kwenye utumbo wa mbwa na mbwa haumwi hata kidogo. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakanasa kwenye manyoya na kwenye majani. Kondoo akila hayo majani, anaota vifuko vya maji tumboni na kifuani, ndiyo yale malengelenge. Mbwa akila malengelenge, anapata tegu upya. Na mtoto akimkumbatia mbwa kisha akashika mkate, yeye ndiye kondoo. Mimi nilikuwa nalala na mbwa zizini, unakumbuka. Kifuko changu kina umri wa miaka mingi.

Nitapasuliwa Aprili. Lazima kitolewe kizima, kwa sababu kikipasukia ndani kinaweza kuniua pale pale au kuzaa vingine. Nakuomba mambo mawili tu. Nendeni wote mkapigwe picha, hasa Annika. Na usimtupie mbwa wako Bly matumbo tena.

Ni mimi binti yako,
Verlene


Alder Creek,
Februari 20, 1974

Binti yangu Verlene,

Salamu zako tumezipata. Mama yako amesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili, na sasa ananitazama kama nimeiba kanisani. Goti ni lile lile. Kondoo wa kwanza wataanza kuzaa karibuni, kwa hiyo sina muda wa kuandika mengi.

Nasikitika kwamba unaumwa. Nasikitika sana. Lakini mwambie huyo daktari wako kwamba babu yangu alivuka bahari kutoka Denmaki akaja kufuga kondoo kwenye bonde hili, akawalisha mbwa matumbo, akafa akiwa na miaka tisini kwa kuanguka kutoka juu ya paa. Baba yangu vivyo hivyo, na mimi vivyo hivyo. Nimekula mkate kwa mkono huu huu niliomshikia mbwa tangu sijaota meno, na leo nabeba kondoo dume begani. Kama mbwa wangu wangekuwa wanaua watu, bonde hili lingekuwa makaburi matupu.

Huyo Bly unayemwita mgonjwa anakusanya kundi zima peke yake mimi nikiwa bado natafuta kofia. Manyoya yanang'aa. Macho yanang'aa. Mbwa mwenye minyoo anajulikana: anakonda, anakokota makalio chini. Nilimsomea jirani Golden Allred barua yako pale uani, akasema daktari wa mjini akikosa jina la ugonjwa humtafuta mkulima wa kumsingizia. Hata Askofu wa kanisa letu la hapa bondeni alitikisa kichwa kukataa, na yeye ni mfugaji wa kondoo kama sisi.

Hewa ya mji huo ni moshi mtupu. Rudi nyumbani ule supu ya mama yako, kifua kitafunguka.

Baba yako,
Delmar Mikkelsen


Salt Lake City,
Machi 4, 1974

Baba,

Namsalimu Mama.

Nilimwonyesha Daktari Pruitt barua yako. Nilitaka anisaidie kukujibu kwa upole. Aliisoma mpaka mwisho, akauliza, "Alder Creek? Kule walikofukuzwa?" Nikamwuliza ni nani waliofukuzwa. Akanieleza kwamba mwaka juzi watu wa chuo kikuu walikuja huko na gari la kupima mbwa, bure. Wafugaji wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, wakawaamuru waondoke. Mfugaji mmoja ndiye aliyesimama akasema kwa niaba ya wengine.

Nilimpigia Mama simu nikamwuliza ni nani. Mama akasema ana keki kwenye jiko, akakata simu. Mama hajawahi kuniambia ana keki kwenye jiko nikiwa nalia.

Kwa hiyo ni wewe uliyesimama, na ulijua. Ulisikia habari za tegu hilo mwaka juzi, kwa masikio yako, kutoka kwa watu waliosoma, waliokuja mpaka mlangoni kwako bila kukudai chochote. Na ulipopata barua yangu ukajifanya ndiyo kwanza unasikia, ukaniambia niache moshi nije ninywe supu. Nimekasirika kiasi kwamba karatasi ya kwanza niliichana. Kifuko changu kilianza zamani, kwa hicho sikulaumu. Lakini Annika alizaliwa mwaka ule ule. Ametambaa kwenye ua ule. Bly anamlamba uso kila asubuhi, na wewe unacheka na kumwita mlezi.

Usiniandikie mpaka mbwa wawe wamepimwa. Nitapasuliwa nikiwa na barua zako au bila barua zako.

Verlene


Alder Creek,
Machi 12, 1974

Verlene,

Hatujambo.

Ndiyo, nilisimama mimi, na kesho wakija tena nitasimama tena. Unafikiri wanunuzi wa wanakondoo wakisikia Alder Creek ina ugonjwa watauliza ni wa mbwa au wa nyama? Watavuka mlima wakanunue kwingine, na watu uliokua nao watauza mashamba. Wale vijana wa chuo walikuja na viatu visivyo na tope wakatuambia tunaishi kama wanyama. Hawakusema hivyo kwa mdomo, ila nilikuwepo na nilizisoma nyuso zao.

Kuhusu Annika, ana baba yake. Thayne ni mtu mzima na ana akili.

Umeniambia nisiandike, nami nimeandika. Bado ni nyumba yangu.

Baba yako


Alder Creek,
Aprili 3, 1974

Mwanangu Verlene,

Nakusalimu, na sijui kama utaifungua hii. Mama yako yuko salama. Ndiye aliyesababisha yote ninayotaka kukueleza.

Jumamosi nilitoka zizini nikakuta gari halipo na Bly hayupo. Marva akaniambia Mama ameenda uwanja wa maonyesho wa wilaya, ambako watu wa chuo walikuwa wanapima mbwa. Mwanamke ambaye hajawahi kuendesha gari kuvuka daraja. Nilichukua lori la Thayne nikamfuata, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mbele za watu.

Nilimkuta amesimama uwanjani na koti lake la kanisani. Bly alikuwa amefungwa kwenye kigingi, chini kumetandikwa nailoni, ameshanyweshwa dawa ya kumfanya aharishe. Nikamwambia Mama apande lori. Akasema, "Delmar, mbwa hajamaliza." Basi. Akaendelea kumwangalia Bly.

Bly akamaliza. Kijana mmoja wa chuo mwenye glavu akachota, akasafisha kwa maji kwenye sahani nyeusi, akaangalia kwenye kioo chake cha kukuzia, kisha akasogea pembeni ili niangalie mimi. Nilidhani nitaona kitu kimoja au viwili. Verlene, ilikuwa kama mtu amemwaga ufuta. Sahani yote. Na ule ufuta ulikuwa unajinyonganyonga. Yote hayo yametoka kwa mbwa aliyekuwa analamba uso wa mtoto asubuhi ile ile, macho yanang'aa.

Kijana alinitambua, nilimwona amenitambua, ni yule yule wa ukumbini. Afadhali angenitukana. Badala yake alinionyesha namna ya kuchoma ile nailoni, akaniambia ninawe mikono mpaka kwenye viwiko.

Jumapili nilimwomba Askofu nafasi ya kusema mbele ya watu. Nilieleza nilichokiona. Nilisema kila anayechinja afukie matumbo kwenda chini zaidi ya urefu wa mkono wake, na mbwa wapelekwe wakanyweshwe dawa. Golden Allred alisimama benchi la tatu akasema nimemwogopa mke wangu, na kwamba babu zetu wote waliwalisha mbwa matumbo wakafa wazee. Watu wakacheka. Kila neno alilosema nilikuwa nalijua kabla hajalitamka. Nilitaka kumng'oa meno.

Unapasuliwa lini? Mama yako anauliza, na mimi nauliza.

Baba yako


Salt Lake City,
Aprili 10, 1974

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie Mama kwamba nilisoma habari za koti la kanisani mara mbili, na mara zote mbili nilicheka na kulia.

Upasuaji ni Jumatano ijayo, asubuhi. Nitafurahi mkija. Nakuambia mapema ili usije ukashangaa: hasira yangu haijaisha. Usinishike mkono pale hospitali ukaniuliza kama imekwisha, maana sitakudanganya, hata kama wataniwekea dawa ya usingizi.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko mimi na wewe. Marva amenipigia simu kwa siri. Anasema Thayne amekataa kumpeleka Annika. Amemwambia mkewe kwamba wewe umezeeka na umetishwa na wanawake, na kwamba baba aliyemjua yeye alisimama ukumbini akawafukuza wale watu. Anajivunia siku ile, Baba. Alikuwa amekaa nyuma yako, akapiga makofi.

Mimi siwezi kumbadilisha, kwangu hajawahi kusikia lolote. Wewe ndiye uliyemfundisha. Nenda.

Binti yako,
Verlene


Alder Creek,
Mei 19, 1974

Verlene mwanangu,

Natumaini kidonda kimekauka na umeanza kulala ubavu huo wa kulia. Mama yako anakukumbusha usinyanyue chochote kizito kuliko birika. Tangu tulipokuacha pale wodini umeegemea mito, rangi imekurudia, nyumba hii imepata kupumua. Daktari Pruitt alinionyesha kile kifuko ndani ya chupa, kizima kama yai lililomenywa. Sikukwambia siku ile. Nilitoka nje nikasimama kando ya gari.

Nilienda kwa Thayne kama ulivyosema. Alinisikiliza mlangoni bila kunikaribisha ndani. Nilipomaliza akasema, "Nikuamini yupi, Baba, wa mwaka juzi au wa leo?" Nikamwambia wa leo. Akasema yule wa mwaka juzi alikuwa mwanamume. Kisha akafunga mlango. Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa naegesha gari mbele ya nyumba yake baada ya kazi za zizini, nakaa humo humo mpaka majirani waanze kuchungulia. Thayne alinitumia Askofu anishauri nipumzike. Askofu nilimwuliza mbwa wake wamekula nini wiki hii, akaondoka.

Mwisho Marva alitoka na Annika, amemvalisha viatu vipya, akaingia kwenye gari akafunga mlango kwa nguvu Thayne asikie. Picha inaonyesha kifua cha mtoto ni safi. Damu imepimwa, nayo ni safi. Watampima tena mwakani na mwaka utakaofuata, lakini kwa sasa hana kitu. Nilimpelekea Thayne habari hizo ghalani. Aliendelea kufunga nyasi, ila niliona amelifunga robota lile lile mara mbili.

Sasa nikueleze ya jana, maana bado damu inanichemka.

Golden alichinja kondoo watatu kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Nikiwa upande wangu wa uzio nilimwona akiyatoa maini, yamejaa malengelenge. Aliyaona pia. Akanitazama, akayainua juu ili niyaone vizuri, akawatupia mbwa. Wajukuu zake walikuwa pale pale, mmoja amempanda mbwa mgongoni kama farasi. Wageni walianza kucheka.

Niliruka uzio, goti na yote. Nilikuwa na beleshi. Niliwanyang'anya mbwa yale maini kwa mikono yangu, mmoja akaning'ata kiganja, sikuachia. Golden akaniambia nitoke kwenye ardhi yake. Nikamwambia nitatoka nikishafukia. Akaita watu wanitoe. Nikaanza kuchimba pale pale katikati ya ua, mbele ya bibi harusi na mabakuli ya jeli ya kijani yaliyopangwa mezani, na kila aliyesogea nilimwambia binti yangu amekatwa kifua kutoka hapa mpaka hapa, nikamwonyesha kwa kidole. Hakuna aliyenigusa.

Mbwa walikuwa wananizunguka, wakiyanusa. Nilikuwa siwezi kuchimba na kuwafukuza kwa wakati mmoja. Nikageuka nikamwona Thayne, alikuwa miongoni mwa walioalikwa, amewashika wawili kwa kola, mmoja kila mkono. Aliwashika mpaka nilipomaliza kushindilia udongo, kisha akawaachia akaenda kunawa.

Golden hasemi nami, na Mama anadhani hatutaalikwa popote mwaka huu. Jumamosi wanachinja kwa majirani wengine, akina Thorval, kondoo wanne. Beleshi nimeliacha kwenye gari.

Baba yako,
Delmar