Kwa Mzee Jitolee, Uliyetuandikisha Wote Bila Kutuuliza

Mwaka mmoja umetimia, baba watoto, tangu Jumanne ile ya mchana ulipotutoka, na watu bado wanatupigia simu kutuuliza kwa nini hatujafika. Hatujafika wapi? Kuzoa taka sokoni. Kupaka rangi vyoo vya shule. Kuzibua mtaro wa kituo cha mabasi. Kila mahali majina yetu yapo, na kila mahali yameandikwa kwa mwandiko wako. Wewe umepumzika. Sisi bado.

Wenzetu wakiandika kumbukumbu husema marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mwenye upendo. Ulikuwa hivyo vyote, sikatai. Lakini nimeishi nawe miaka thelathini na mmoja, na nikiishia hapo wanaokujua watanicheka. Ulikuwa unachosha, mume wangu. Wema wako ulikuwa unachosha.

Ulikuwa fundi bomba mwenye mkono mwepesi, na hakuna aliyewahi kukuita mara mbili kwa tatizo lile lile. Mchana ulifanya kazi za watu, jioni ukafanya kazi za bure. Mtaa mzima ulikuita Jitolee, kwa sababu mwenyekiti wa mkutano akiuliza nani atajitolea, mkono wako ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Na mkono wako mmoja haukukutosha. "Na mke wangu yupo," ulisema. "Na binti yangu. Na huyu mkwe wangu, ana mgongo mzuri."

Maskini mkwe wako. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, amevaa suti na amenyoa vizuri, ulimuuliza maswali mawili tu: kama anampenda binti yetu, na kama ana viatu vya mpira. La kwanza akajibu ndiyo, la pili hapana. Ukampa vyako, mkaenda kuzibua mtaro. Suti ile haikuvaliwa tena.

"Nilidhani ni mtihani," anasema mpaka leo. "Nilidhani nikimaliza mtaro ule nimefaulu, naachwa. Kumbe ndiyo kwanza nimesajiliwa."

Na mkasi wangu je? Mimi ni fundi cherehani, na mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine, hata mtoto mdogo wa nyumba hii analijua hilo. Wewe ulikatia pakiti tupu za maziwa, ili uoteshee miche. Nikiuliza nani amegusa mkasi wangu, uliniangalia kama mtu ambaye hajawahi kuona mkasi.

Lakini harusi ya binti yetu mkubwa ndiyo iliyonimaliza. Wakati wa kupiga picha hukuonekana. Tulikukuta nyuma ya zahanati, tai shingoni, suruali umeikunja mpaka magotini, unapanga mawe kwenye ukingo wa kijito kwa sababu mvua ya asubuhi ilikuwa imemega kipande. Picha ya familia ina nafasi tupu pembeni yangu, nimeishika mikono yangu mwenyewe. Jioni ile nikatamka mbele ya watoto wote:

"Mche mwingine ukiingia ndani ya nyumba hii, mimi natoka. Na sitaki tena kusikia habari za miche."

Ukasema, "Sawa, mama. Hautaingia ndani."

Ungekuwa mtu mwingine ningeamini tumeelewana.

Kwa wasioujua ukingo huo, niueleze. Kijito kinapita nyuma ya wodi ya wazazi ya zahanati yetu, na kila msimu wa mvua kinakula udongo. Kitinda mimba wetu alipozaliwa pale, miaka kumi na tisa iliyopita, kutoka ukuta wa wodi hadi majini kulikuwa na hatua ishirini na zaidi, tukianika nguo hapo. Mwaka jana zilibaki sita. Mganga mkuu alishasema zikibaki tatu wodi inafungwa, na akina mama watapelekwa hospitali ya ng'ambo ya mji, uchungu umeanza au haujaanza. Wewe na kikundi chako mlikubaliana kupanda miti ya mizizi mirefu ili iushike ukingo. Hayo niliyajua kwa kuyasikia mitaani, maana nyumbani nilishakukataza kuyasema.

Sasa tuje kwenye bomba la jikoni. Wiki mbili baada ya harusi lilianza kuvuja, na likavuja miaka sita. Mume fundi bomba! Tone, kimya, tone, kimya, na mimi niko kwenye cherehani chumba cha pili nalisikia. Wateja waliokuja kupimwa walilisikia pia.

"Mama, kwani mumeo si ndiye fundi bomba?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikikuambia, ulijibu, "Kesho." Na juu ya hapo ukaweka sheria: hakuna sabuni kwenye sinki. "Litaziba," ulisema, na fundi akisema litaziba nani atabisha? Miaka sita tukaoshea vyombo kwenye beseni uani na kumwaga maji kule mbele, na sinki zima lipo, limekaa kama pambo.

Basi wiki ya tatu baada ya kukuzika nilikata shauri. Nikamwita fundi mwingine. Alimaliza kwa dakika kumi.

"Ilikuwa raba tu, mama," akasema, ananionea huruma. "Raba moja."

Nilikusema siku ile mpaka fundi wa watu akaona haya. Alipoondoka nikakusanya vyombo vyote vya nyumba, hata visivyo vichafu, nikavioshea ndani ya sinki, povu limefika viwikoni. Halikuziba. Nikaendelea hivyo kila siku. Nilijiona mshindi, baba watoto, na nisingependa kukudanganya.

Mwezi ulipopita, akaja mwenyekiti wa kikundi chenu, yule dada wa duka la dawa, na wanawake wawili na mkokoteni.

"Pole tena, mama," akasema. "Tumefuata miche."

"Miche gani?"

"Ya ukingo. Mzee alisema iko hapa kwenu, mia mbili na arobaini. Mvua zinakaribia."

Nikamwambia kwa fahari kabisa kwamba nyumba hii haina mche hata mmoja, ilishapigwa marufuku. Dada akatazama chini.

"Alisema iko nyuma ya jiko."

Nyuma ya jiko ni ule uchochoro kati ya ukuta wetu na wa jirani, ulioufunga kwa bati. Kila asubuhi uliingia humo "kuangalia vifaa." Mimi sikuwahi kuingia, kwanza kwa sababu ni mwembamba na mimi siyo mwembamba, pili kwa sababu nani anataka kuangalia mabomba ya zamani? Mkwe wako akaliondoa bati.

Miche mia mbili na arobaini, kila mmoja kwenye pakiti yake ya maziwa, imepangwa safu nne mpaka mwisho wa ukuta. Bomba la kutolea maji ya sinki, ambalo nilidhani linakwenda shimoni, ulikuwa umelikata na kuliunganisha na mpira mwembamba uliotobolewa vitundu, unaopita juu ya kila pakiti. Lile tone lililoniaibisha miaka sita lilikuwa linanywesha kitalu. Hukushindwa kufunga bomba, ulikuwa umelipima. Na sabuni ulikataza kwa sababu ingeua miche.

Na iliua. Mingi ilikuwa imekauka, na iliyobaki na ubichi ilikuwa imelala kwenye udongo uliogandamana kwa povu langu. Tuliokoa kumi na tisa, ya mwisho kabisa, iliyokaa kwenye kivuli cha jirani.

Dada wa duka la dawa akaanza kuokota pakiti zilizokauka. Afadhali angenifokea. Binti mkubwa akanishika bega, "Mama, wewe hukujua." Kweli sikujua! Na nani alinificha? Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kukugombeza kwa sauti mbele ya wageni.

"Miaka sita unashindwa kusema neno moja? 'Mke wangu, usiliguse bomba.' Basi! Ingekugharimu nini?"

Halafu nikakumbuka. Siku ile kitandani hospitali ulinishika mkono ukasema, "Mama, lile bomba la jikoni..." Nami nikakukatiza. "Nitamwita fundi mwingine," nikasema. "Wewe pona kwanza, habari za mabomba sizitaki." Ukacheka kidogo, ukafumba macho. Nilidhani umefurahi kwamba bado nina makali. Nimelia sana kwa kicheko kile, na ningeomba unisamehe kama nisingekuwa na hasira nawe bado.

Mvua zilikuja, tukapanda ile kumi na tisa, na kijito kikachukua hatua mbili. Zimebaki nne.

Nikamwita tena yule fundi.

"Limeanza kuvuja, mama?"

"Hapana. Nataka livuje."

Akaweka chini mfuko wake wa spana. "Miaka kumi na minane kwenye kazi hii, sijawahi kuitwa kuharibu bomba."

"Leo umeitwa. Na uharibu vizuri."

Tulihangaika mchana kutwa. Akilegeza, linachuruzika. Akikaza, linakauka. Akabadilisha raba nne. Mwishowe nikaenda kukaa kwenye cherehani yangu chumba cha pili, nikafumba macho, nikawa namwambia kutoka kule: bado, haraka mno, rudisha kidogo, bado. Halafu likaja. Tone, kimya, tone, kimya. "Hapo hapo!" nikapiga kelele. "Usiguse tena!" Fundi alipochungulia mlangoni alinikuta nimejifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Nililichukia tone lile miaka sita, na kumbe nilikuwa nimelikariri.

Basi tumerudi kwenye beseni. Wateja wakiniuliza kwa nini mume fundi ameniachia bomba bovu, nawajibu sinki lenyewe halipokei sabuni, litaziba, na siongezi. Kitinda mimba wako ndiye aliyeotesha. Pakiti nimekata mimi, kwa mkasi ule ule, ambao sasa haukati hata uzi. Miche ipo mia mbili na arobaini, nimeihesabu mara tatu. Nimejifunza kuingia uchochoroni ubavuubavu.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tunaipanda nyuma ya zahanati. Ninyi mnaosoma hapa na kusema, "Jamani, Jitolee alikuwa mtu mzuri," tunawashukuru, ila maneno hayo hayashiki udongo. Kazi ile inataka watu sitini. Orodha iko duka la dawa, na mpaka jana ilikuwa na majina kumi na manne, matano yakiwa ya nyumba hii. Kuna watu hapa mtaani alikuja kuwafungulia maji siku ya sikukuu, bure, na chakula chake mezani kikapoa. Mnajijua. Msiniambie habari za mgongo, mkwe wangu ana mgongo pia. Njooni na jembe, na kama hamna jembe njooni na ndoo. Msimu huu ukitupita, hakuna mwingine wa kungojea.

Jana nilikwenda mwenyewe kuandika jina langu. Miaka thelathini na mmoja nimejitolea kila mahali na sijawahi kuliandika kwa mkono wangu hata mara moja. Dada akanipa karatasi na kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa mtupu, majina yalianzia wa pili.

"Huu mbona hamjaandika?" nikauliza.

"Tumezoea ni wa mzee," akasema. "Kila mtu akifika anauruka."

Nikaandika langu mwisho kabisa. Halafu nikarudi juu, nikajaza jina lako, kwa herufi kubwa, na pembeni nikaweka alama kwamba umethibitisha kufika. Sikukuuliza. Sasa na wewe uone inavyokuwa.

Unakumbukwa na mkeo, fundi cherehani. Binti yako mkubwa, ambaye amekata picha yako ya kitambulisho na kuibandika pembeni yangu kwenye ile ya harusi. Mkwe wako, ambaye viatu vyako vya mpira vinambana na hataki vingine. Kitinda mimba wako, anayeingia uchochoroni kila asubuhi kuangalia vifaa. Pamoja na ndugu, majirani na wanakikundi wote.

Hatutakusahau maisha yetu yote, baba watoto. Saa moja kamili, usichelewe.