Namba ya Mita ya Maji

Kianjokoma, 4 Machi 2023

Kwa Nelius,

Hujambo huko Mikinduri? Sisi tunaendelea, ila kifua changu bado. Daktari amenikataza shamba, basi nakaa barazani nikitazama mita mpya ya maji. Namba yake ni 6,999,881. Nimejaribu kuigawa kama tulivyofanya ulipokuwa mdogo: mbili, tatu, tano, kumi na moja, kumi na tatu, nikapanda hadi 2,633, ya mwisho inayohitajika. Imezikataa zote. Kwa hivyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wewe ni mwalimu wa hesabu, hakikisha.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako,
Ndambiri

Mikinduri, 12 Machi 2023

Baba mpendwa,

Pole kwa kifua. Tangu uwarudishe langoni wazee wa Rahim waliokuja kuniposa, hii ndiyo barua yako ya kwanza. Niliisomea buchani kwake. Rahim akaweka kisu chini. "Mzee anasemaje?" Nikamwambia unauliza hesabu. Akacheka: "Wakwe wengine huuliza mbuzi."

Baba, kuna namba umeiruka. Ukihesabu magunia ulikuwa ukisema sita, hilo lingine, nane, kwa sababu nyanya alikufunza kwamba saba huita msiba. Nami ndiye niliyezaliwa baada ya sita. Watu wakikuuliza una watoto wangapi, unajibu sita. Zamani nilijua ni mwiko tu. Siku hizi sijui.

Igawe kwa saba.

Binti yako,
Nelius

Mikinduri, 30 Aprili 2023

Baba,

Mama amenipigia kwamba umelazwa Embu. Sikuandika ili nikuumize. Nikija, nitapokelewa?

Binti yako,
Nelius

Embu, wodini, 9 Mei 2023

Mwanangu,

Natumaini nyote wawili ni wazima. Pumzi yangu ni fupi, nitaandika kidogo.

Niligawa siku ileile barua yako ilipofika. Nilipata 999,983, na hakuna kilichobaki. Hiyo nayo nikaijaribu kwa saba tena, ikabaki tano. Zile nyingine zilikuwa zimeshakataliwa tangu mwanzo. Kwa hivyo mlango ulikuwa mmoja tu, na ndio niliouruka. Nilipaswa kukujibu siku hiyo. Nilishindwa kuanza.

Jana nesi alikuwa akiniandikisha, akauliza nina watoto wangapi. Nikasema saba. Mama yako alinitazama kama nimetukana kanisani. Nesi akaandika tu, akaenda kitanda kingine.

Njoo na Rahim. Mambo ya hao mbuzi tutayazungumza baadaye. Msikawie.

Baba