Simu Yako Inaulizia Goti

Mpendwa mdogo wangu Deo,

Simu yako imenichosha. Tangu uingie kambini ukaniachia, maana huko hairuhusiwi, kila alfajiri inalia hapa Maruku, na swali ni lilelile: "Umeamkaje? Una maumivu yoyote?" Naizima, kesho yake inalia tena.

Unakumbuka ilivyoanza? Wewe na wenzako mliipakua ile programu ya kuwaandaa vijana kwa mafunzo ya jeshi, ukawa huambiliki. Ma anakuita kibanjani ukatandaze nyasi kwenye migomba, wewe uko chini unapiga pushapu. Jioni ikakuuliza umekula nini. Ndizi zetu za ebitoke haizijui, ukaijazia viazi. Ma alicheka mpaka akakaa chini. "Waitu, hiyo simu haijafika kwetu!"

Halafu ukaanguka kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Ulirudi unachechemea, goti limevimba, nikakukanda kwa maji ya moto huku umeng'ata meno. Asubuhi simu ikauliza habari za maumivu, nikakuona kwa macho yangu ukibonyeza "Hapana."

"Deo, mbona unaidanganya?"

"Dada, nikisema linauma itanipunguzia mbio. Na huwezi jua, labda wakubwa wa kambi wanasoma humo."

Nani asome, wewe! Kitu kimetengenezwa kikusaidie, umekigeuza askari wa kuogopwa. Kikakuwekea rangi ya kijani na "Hongera, uko tayari," ukazunguka nacho kijiji kizima, hata kwa paroko. Tayari gani, na ngazi za kanisa ulizipanda kwa kujivuta? Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuambia, ukacheka.

Nina hasira na wewe, na hofu pia. Ma anawaambia watu baada ya misa kwamba mwanawe ni mzima kama chuma. Mimi nainamisha uso.

Leo alfajiri uvumilivu umeniishia. Nimebonyeza "Ndiyo," nikachagua goti. Ikajibu papo hapo: "Leo usikimbie. Pumzika, na umwone daktari." Maneno mazuri kabisa, ila yamenifikia mimi niliyekaa jikoni namenya ndizi, na wewe huko unakimbia.

Basi nimekuandikia. Simu nimeshaijibu mimi, mdogo wangu. Daktari wa kambi nenda ukamjibu wewe.

Ni mimi dada yako, uliyeniachia simu na wasiwasi wake.