Ng'ombe wa Sebastiani Anamsubiri Mtaalamu wa Viboko

Mama Kasilda, shikamoo. Nakuandikia kutoka Yoba hapa Gitega, nisaidie kabla ng'ombe hajazaa, maana mimi nasoma sayansi ya wanyama mwaka wa mwisho na nimechagua wanyamapori, yaani viboko, nyati na utunzaji wa wanyama wa bustanini, lakini baba yangu kule Makebuko akisikia mnyama anajua ni ng'ombe tu, basi tuliporudi Burundi kutoka Tanzania na mimi nikaingia chuo akawatangazia majirani kwamba binti yake atakuwa daktari wa ng'ombe, nami nikanyamaza kwa sababu alikuwa amefurahi mno, na jirani yetu mzee Sebastiani akampa baba mtamba wa urafiki mbele ya watu, wakanywa pombe ya ndizi, akasema ni kwa ajili ya mtoto atakayetutibia mifugo, na baba akalia machozi.

Sasa nimepata nafasi ya mafunzo Muyinga, kandokando ya mbuga ya Ruvubu, jambo nililolitamani miaka yote, ila jana baba amenipigia simu kwamba ng'ombe mkubwa wa Sebastiani yuko karibu kuzaa na amekataa majani, na mzee hataki veterineri wa komine, yule daktari wa mifugo wa serikali, anasema, "Mi sitaki mwengine, mutoto wa kwetu iko anakuja." Mama, sijawahi kuzalisha ng'ombe hata mmoja! Nikisema ukweli baba atamrudisha mtamba kwa aibu, nikinyamaza itabidi nibaki kutibu ng'ombe na Muyinga naikosa.

Jeska, Yoba

Jeska, marahaba. Umeniandikia habari za baba, za Muyinga na za aibu, lakini anayeweza kufa katika barua yako ni ng'ombe, na yeye hujamwombea ushauri.

Nakuelewa. Mtoto aliyemwona baba yake akilia kwa furaha hana haraka ya kumsahihisha. Ila kimya chako kimemfanya mzee wa watu amkatae veterineri. Mficha uchi hazai, binti yangu, na safari hii hata ng'ombe wa jirani anaweza asizae.

Kuhusu mtamba, naona umekulia mbali na desturi hii umeijua nusu. Ng'ombe wa urafiki harudishwi. Ukimrudisha umesema urafiki umekwisha, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kinachorudi ni ndama, wakati wake ukifika. Tena alipewa baba yako. Wewe hukuposwa na zizi la Sebastiani.

Mpigie simu Sebastiani leo. Mwambie: "Mzee, nasomea wanyama wa porini, kuzalisha ng'ombe sijui, mwite veterineri sasa hivi." Ukikata, mpigie baba, asije akasikia kwa watu. Jumamosi nenda Makebuko na pombe ya ndizi, mkae naye, kisha mwende wote kwa Sebastiani. Msamaha uombe wewe, usimwachie baba. Baba atanuna siku kadhaa. Mwache anune, wewe nenda Muyinga.

Na huyo mtamba akija kuzaa, ndama wa kwanza mpelekeeni Sebastiani. Kama siku ya kuzaa kwake utakuwa nyumbani, mwite veterineri.