Msitu Tumeufagia, Wifi

Mpendwa wifi,

Huku Mbagala kaka yako hajambo, watoto hawajambo, nami namshukuru Mungu. Barua hii naiandika wazi ili kikundi chetu kizima cha bondeni kiisome, maana ni wao walionisukuma. Mama Nuru kasema, "Mwambie wewe. Ni wifi yako, hata akikutukana mtataniana, yaishe." Sidhani kama hili litaisha kwa utani.

Unakumbuka ulivyonipeleka bondeni mara ya kwanza? Nilikuwa bi harusi mpya kutoka Singida, na kwetu ukiona kichaka nyuma ya nyumba unatafuta panga. Miti imesongamana, mibungo imejiviringisha hadi juu, majani makavu yanafunika miguu. Nikainama kukusanya vijiti nitengeneze ufagio. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Huku hakufagiliwi, wifi. Ukafagie kwenu."

Tangu hapo nikawa mtu wa Jumamosi. Tulikuwa wanawake wachache tu, na glovu za kuazimana na magunia ya kuokotea mifuko na pampasi zinazotupwa na majirani zetu wenyewe. Kiangazi kila mmoja alishuka na ndoo yake ya maji kwa ajili ya miche. Nawe ulikuwa mkali kama mwalimu wa zamu: ufagio mwisho kwenye njia, usivuke. Ulisema majani yakiachwa yaoze ndiyo chakula cha miti, na ndege tipitipi hatagi mahali palipopambwa, anataka vurugu. Tukimaliza tunakaa kwenye lile gogo tunakunywa juisi ya mabungo, unamsema kaka yako kwa uvivu na mimi naongezea.

Ulipokwenda Oman kufanya kazi za ndani, hukuomba picha ya mtu yeyote. Kila Ijumaa sauti yako inaingia kwenye simu: "Wifi, nirekodie asubuhi ya bondeni. Nikiwasikia wale ndege ndiyo napata usingizi." Nimekuwa nikirekodi. Safari hizi za karibuni nimekuambia simu imeharibika. Simu ni nzima.

Ilianza na vibaka. Dada mmoja alinyang'anywa mkoba pale njiani, ukaitishwa mkutano wa mtaa, na wanaume ambao hawajawahi kuokota hata mfuko mmoja bondeni wakasema kichaka kifyekwe chote. Tulibishana nao hadi sauti zikakauka. Mwishoni mjumbe akatuambia, "Nyie mama zangu, mtu akisimama huku aone hadi kule. La sivyo naleta katapila."

Ungekuwepo ungefanya nini? Ninajiuliza kila siku. Mama Nuru alisema, "Bora tukate sie wenyewe, tutakata kwa huruma." Tukakata kwa huruma. Mibungo ikashuka, vichaka vya chini vikaondoka, miti mikubwa tukaiacha. Na baada ya kukata, unatujua wanawake wa Dar, tukafagia. Nisikudanganye, palipendeza. Majirani waliokuwa wakitununia walikuja kutupongeza.

Haukupita muda, likasimama gari. Akashuka baba mmoja mtaratibu, akanisalimia vizuri, akauliza, "Samahani mama, hiki kiwanja cha nani?"

Wifi, miaka yote ile pale palikuwa msitu, na mbaya zaidi paliitwa pori. Hakuna aliyewahi kupaita kiwanja. Sasa kuna mawe ya mpaka pembe zote, na yule baba ana karatasi zenye mihuri. Sisi tuna ndoo na reki. Tumekwenda ofisini, tukaambiwa mhusika yuko likizo. Tukarudi, tukaambiwa njooni kesho. Mjumbe naye hatutazami usoni. Anasema, "Mwenye nguvu mpishe, mama zangu."

Nina hasira, lakini sijui niielekeze wapi. Tungeacha kichaka, kingefyekwa. Tumekisafisha, kimeonekana. Naomba usiwalaumu wenzako, wamelia kuliko unavyodhani.

Leo ni Jumamosi. Nimeshuka asubuhi na simu, nimekurekodia kama ulivyoomba. Ukisikiliza, utasikia kitu kama mtu anakwangua sufuria. Huyo ni Mama Nuru anafagia. Nimemwambia, "Dada, pumzika, pameshakuwa pasafi." Akaniuliza, "Sasa nikija Jumamosi nifanye nini?" Nikachukua ufagio mwingine. Kwa hiyo mbele kidogo utasikia tuko wawili.

Nilisubiri hadi jua likawa kali. Tipitipi hakulia. Usiku ukikosa usingizi, nipigie mimi, saa yoyote, nitaongea nawe hadi ulale. Ndege sina.

Wifi yako,
yule uliyemkataza ufagio