Papa Kubuya Hakukaidi Pembe

Papa,

Jana asubuhi Bwana Makelele, yule Mzungu mkuu wa mgodi, aliondoka. Lori la kubeba madini ya bati lilimchukua, akaketi karibu na dereva na sanduku lake magotini. Mimi nilisimama pale barabara inapopinda, mahali ambapo lori lazima lipunguze mwendo, ili anione vizuri. Aliniona. Sikumpungia mkono wala sikuvua kofia. Nilimtazama usoni mpaka akageuza macho upande wa msitu, na nilifurahi, Papa, nilifurahi sana. Nakuandikia kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote kwa sababu habari hii ni yako.

Najua ungenikemea kwa maneno haya. Kemea tu. Tangu tulipokuzika sijalala siku hata moja bila hasira, na sijachoka nayo.

Kuna mambo hukuyajua. Siku ya tatu baada ya mazishi, kapita, mnyapara wa mgodi, alikuja nyumbani na karatasi iliyotoka kwa Bwana Makelele. Alimsomea Mama kwamba Kubuya, mfanyakazi wa mashine ya kutoboa mwamba, amekufa kwa ukaidi wake mwenyewe: pembe ya kuonya kwamba baruti inalipuliwa ililia, wenzake wakatoka, yeye akakataa. Mama alimpa kapita maji ya kunywa, akayanywa, akaenda zake.

Hilo tungelimeza. Lakini Bwana Makelele aliamuru jina lako liwe somo. Kila walipokuja wafanyakazi wapya, walipangwa mstari uwanjani, na kapita akawaambia: "Hapa kulikuwa muntu mumoja, jina yake Kubuya. Pembe ililia, ye akakatala kutoka. Baruti ikamumaliza. Musikuwe kama Kubuya!" Nami nilikuwa palepale na koti langu jeupe la anfirmie, la uuguzi, nikingoja kuwachanja. Vijana wa Kirolirwe ambao hawakuwahi kukuona waliokota jina lako, wakalifanya tusi. Mtu akichelewa kula, wanamwambia, "Weye Kubuya!" Mama aliposikia hayo kisimani aliweka mtungi chini, akaja kufunga vitu vyake, akarudi kwa ndugu zake Burungu.

Wewe mkaidi? Wewe uliyekaa nusu siku kwenye upupu kule Pinga kwa kuwa mkuu wa mawindo alisema msiondoke kwenye wavu? Nilikuwa ubavuni mwako, mdogo, nikilia kwa kuwashwa, nawe ukinifinya sikio ninyamaze ili usikilize njuga za shingoni mwa mbwa. Mbwa walikuwa mbali bondeni, na wewe ukaninong'oneza kwamba yule wa shemeji amesimama, wetu bado anakimbia, mnyama atatokea kushoto. Akatokea kushoto. Nilidhani baba wote wanasikia hivyo.

Kisha wakakupa mashine. Miezi ya kwanza uliporudi jioni ulimwita Mama kwa sauti ya kuvuka mto, naye ameketi karibu nawe akichambua majani ya sombe. Ulisema kuna nyuki masikioni. "Iko nyuki tu, zitatoka," ulisema, ukajipiga kichwa upande mmoja kama mtu aliyetoka kuogelea. Hazikutoka. Baadaye ukaacha kwenda kwenye mawindo ukasema ni goti. Goti gani, Papa? Ulikuwa ukipanda kilima cha mgodi na vyuma begani. Nilielewa. Kwetu mwanamume asiyesikia njuga huondolewa kwenye wavu, akapelekwa upande wa pili kupiga kelele vichakani pamoja na wanawake na watoto. Ukaona heri goti bovu.

Sasa nifike pale panaponiuma. Unaikumbuka siku ya munganga mgeni, yule daktari aliyekuja kuchunguza masikio ya watu wa mashine. Alikuwa mtu mpole. Alikaa kwenye kiti mbele ya dispanseri, akashika saa yake ya mfukoni, na mimi nikawa mkalimani na mwandishi wake. Kila mtu alisimama mbele yetu, munganga akaisogeza saa, mimi nikauliza kama anasikia. Na kila mtu, Papa, kila mtu alisema ndiyo. Nani angesema hapana? Mgeni ametoka mbali, ana daftari, anauliza kwa upole. Unampa jibu litakalomfurahisha, ndivyo tulivyolelewa. Munganga alishangaa jinsi tulivyo na masikio mazuri.

Ulipofika zamu yako hukuitazama saa. Ulitazama mdomo wangu. Niliuliza, "Papa, unasikia?" nawe ukasoma midomo, ukajibu kwa sauti kubwa, "Ndiyo, munganga! Nasikia muzuri!" Halafu ukanitazama machoni. Nililijua jicho lile. Ni lile ulilonitupia nilipokuwa na miaka kama saba, niliposema mbele ya wageni kwamba nyama uliyowaambia ni ya leo ni ya juzi, na walipoondoka ukanichapa. Mtoto hambishii baba yake mbele ya watu. Nikachovya kalamu nikaandika: Kubuya, anasikia vizuri.

Ukarudi kwenye mashine. Mwezi haukuisha. Pembe ililia, wenzako wakakimbia wakidhani uko nyuma yao, na wewe ulikuwa umeinama ukiokota chuma. Umeinama, mgongo kwa watu, hakuna mdomo wa kusoma. Kama ungekuwa umesimama na kuona hata mmoja akikimbia, ungekuwa hai. Hilo ninalirudia kila siku.

Baada ya Mama kuondoka nilichukua njuga yako ya mbao, ile uliyoichonga mwenyewe. Niliona kosa letu lilikuwa uso: tuliwauliza watu huku wanatutazama. Basi kila Jumapili baada ya ibada niliwaita wachache, nikamwambia kila mmoja asimame anatazama ukuta wa kanisa, ainue mkono wakati anasikia njuga, aushushe ikinyamaza kwake. Hakuna kuulizwa, hakuna kujibu, hakuna mtu wa kumheshimu. Nikatembea nikirudi nyuma, nikitikisa njuga kwa mkono uleule na nguvu ileile. Waliokuwa wakiosha mchanga kijitoni waliniinulia mkono mpaka nilipovuka barabara na kufika kwenye migomba. Watu wa mashine walishusha mkono kabla sijamaliza kiwanja. Wale waliotoboa mwamba miaka mingi hawakuuinua kabisa, walisimama tu wakitazama ukuta kwa subira, wakidhani sijaanza. Mmoja alikuwa rafiki yako Shemitamba. Alipogeuka akanikuta nyuma yake na njuga inatikisika, aliketi chini akajishika kichwa. Akasema, "Kumbe tuko bengi."

Niliandika yote, jina na kazi na mahali njuga ilipozimika. Nikangoja.

Mwezi uliopita mkaguzi alikuja kutoka Bukavu. Bwana Makelele alikuwa akimtembeza uwanjani, akimpigia kelele masikioni kama kawaida yake, na wafanyakazi wamepangwa mstari. Nilitoka nikampa mkaguzi daftari langu. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba Kubuya hakukaidi, Kubuya alikuwa kiziwi, na mashine ndiyo iliyomfanya kiziwi, na wengine wako pale kwenye mstari.

Bwana Makelele alicheka. Alisema watu weusi hawatabiriki, leo wanasikia, kesho hawasikii, inategemea kama kuna kazi. Alisema yeye amesimama kando ya kompresa ileile inayoendesha mashine miaka yote na masikio yake ni mazima. Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikasema basi bwana asimame na yeye, atazame ukuta. Mkaguzi alitabasamu, akasema kwa nini isiwe hivyo.

Alisimama, Papa. Mikono kiunoni. Nikaanzia kwenye migomba. Mkono haukuinuka. Nikavuka barabara, nikaingia kiwanjani, na mstari mzima unanitazama. Nikamkaribia hadi nikanusa tumbaku yake. Nikatikisa njuga karibu na kola ya shati lake, na ndipo akainua mkono juu, akageuka anatabasamu kama mshindi, akidhani naanza kule mbali. Alinikuta nimemsimamia mgongoni. Shemitamba ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote, watu wote uliowaacha. Yeye hakusikia kicheko, aliona meno.

Sikumwonea huruma wakati ule na simwonei sasa. Mama ameniletea neno kutoka Burungu: "Mutoto yangu, samehe. Na ye ile mashine ilimukula masikio." Najua. Lakini aliyajua masikio yake mwenyewe, naye akaliita sikio lako ukaidi. Nitamwambia Mama nimejaribu.

Usidhani yeye hakunijeruhi. Uso ulipomwiva aliingia ofisini akatoka na daftari la munganga, akaweka kidole kwenye jina lako. Mkaguzi akasoma, akaniuliza, "Nani aliandika kwamba anasikia vizuri?" Munganga yuko mbali, ningeweza kusema ni yeye, na hakuna ambaye angenisuta. Nikasema, "Ni mimi. Nilijua kwamba hasikii, nikaandika." Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba ulijibu mbele ya watu na wewe ni baba yangu. Aliandika kwa muda mrefu, sidhani kama alielewa.

Karatasi yako imefutwa. Mpya inasema: hakusikia pembe. Kapita ameisoma mbele ya mstari, akalitamka jina lako kwa adabu, na sasa wanaotoboa wanaitwa kwa kamba iliyofungwa kiunoni, inavutwa kabla ya baruti. Bwana Makelele ameondolewa kazini. Mimi nami nimevuliwa koti jeupe kwa kuandika uongo, na hilo ni haki. Niliwinda wawili, nimewapata wawili.

Kesho naelekea Burungu kumsaidia Mama kupanda maharage. Maharage yakishaota nitashuka tena na njuga yako kwenye migodi mingine, kila penye mashine, hata wakinifukuza kwa mbwa.

Lala, Papa. Nimekulilia vya kutosha na nitaendelea. Ninakuahidi jambo moja tu. Siku nitakapokufuata huko, ukiulizwa neno ukajibu ndiyo kwa sababu ya haya, nitasimama palepale, mbele ya babu zetu wote na wageni wao, nitasema: "Papa, unadanganya. Hausikie." Halafu unichape.

Mwanao,
Musafiri